Damu ya siku ya pili baada ya marathoni: nimezeeka, au nimechoka tu?

Swali: Mimi ni mwanaume wa miaka 54, mkazi wa Arusha. Jumapili nilimaliza kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi kwa saa 4 na dakika 20. Jioni nikameza diklofenaki mbili za miligramu 50 kwa sababu ya maumivu ya mapaja. Jumatatu asubuhi nilikuwa na miadi ya kupima afya ya kila mwaka kazini. Majibu yangu: CK 2,860, AST 118, ALT 61, GGT 28, bilirubini kawaida, kreatinini 121, CRP 22, chembechembe nyeupe 9.8, himoglobini 13.9, feritini 240. Mwaka jana kreatinini ilikuwa 95, CRP 1, chembechembe nyeupe 5.4 na himoglobini 14.8. Nimeambiwa ini na figo vina shida na niache kukimbia. Nikaingiza namba zangu kwenye kikokotoo cha "umri wa mwili" mtandaoni, kikanipa miaka 61. Je, mbio zimenizeesha? Na kipimo kipi nikiamini?

Jibu: Ndugu, hongera kwa kumaliza, na pole kwa hofu. Kwa namba ulizoleta sioni ini bovu wala mwili uliozeeka ghafla. Ninachokiona ni damu iliyotolewa katika siku isiyofaa kabisa. Saa 24 baada ya marathoni, damu ya mtu mzima wa afya hubeba alama zilezile tunazozikuta kwa mgonjwa au kwa mzee: vimeng'enya (CK, AST na ALT) vimepanda, kreatinini, ile taka ya misuli inayochujwa na figo, imepanda, CRP, protini inayoashiria uvimbe mwilini, imepanda, chembechembe nyeupe zimepanda. Mashine ya maabara haijui kwamba jana ulikuwa barabarani. Anayetakiwa kujua ni anayesoma majibu, na wewe ndiwe wa kumwambia.

Naanza na jambo la haraka, nalo ni figo pamoja na zile diklofenaki. Angalia mkojo wako leo. Kama umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au unakojoa kidogo sana, au mapaja yamevimba na kuwa magumu, usisubiri. Nenda hospitali wapime tena CK, kreatinini na potasiamu siku hiyohiyo. Rangi hiyo huletwa na mayoglobini, protini ya msuli inayobeba oksijeni, ambayo ikimwagika kwa wingi huziba na kuumiza mirija ya figo. Kijiti cha kupimia mkojo kitaonyesha "damu", lakini kwenye hadubini chembe nyekundu hazionekani, au ni chache mno. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia mtaalamu kwamba ni msuli. CK ikivuka 5,000, hatari ya figo inaanza kuwa ya kweli na mtu anastahili kufuatiliwa kwa karibu. Wewe uko 2,860, na kama mkojo ni wa kawaida na unakunywa maji vizuri, hiyo si dharura.

Lakini diklofenaki na ibuprofeni usizimeze tena siku ya mbio wala siku mbili zinazofuata. Wakati wa mbio ndefu mwili hupeleka damu kwenye misuli na ngozi, figo zikabaki na kidogo. Hapo figo hutumia prostaglandini, kemikali ya mwili, kulegeza mishipa inayoingia ndani yake ili zisikose damu, na dawa hizi huzuia hasa hiyo prostaglandini. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwagawia wakimbiaji wa maili 50 ibuprofeni au kidonge kitupu bila wao kujua wamepewa kipi: walioumia figo kwa muda walikuwa asilimia 52 kwa waliomeza dawa, dhidi ya 34 kwa wengine. Kwa maumivu ya mapaja parasetamoli kwa dozi ya kawaida inatosha, na muda utafanya mengine.

Kreatinini yenyewe, kupanda kutoka 95 hadi 121 ni jambo la kutarajiwa. Katika marathoni ya Hartford ya mwaka 2015, wakimbiaji 22 walipimwa kabla na baada. Asilimia 82 walifikia kigezo cha hatua ya kwanza au ya pili ya kuumia figo, na ndani ya siku mbili walikuwa wanarudi kawaida. Sehemu ya kupanda huko ni msuli uliomwaga kreatini, sehemu ni upungufu wa maji, na sehemu ni figo kweli kuchoka. Fomu yako huenda imeandika kwamba uchujaji wa figo umeshuka kutoka takriban 82 hadi 61. Hiyo 61 uiweke kando, kwa sababu fomula inayoitoa imetengenezwa kwa mtu ambaye kreatinini yake imetulia; wakati inapanda au kushuka, hesabu haina maana. Na kama Jumapili usiku mlisherehekea kwa nyama choma, ujue kwamba nyama iliyopikwa nayo huongeza kreatinini kwa saa kadhaa.

Sasa tuje kwenye "ini". Uzi wa msuli umezungukwa na utando, na ndani yake kuna vimeng'enya vya kuzalisha nguvu: CK na AST kwa wingi, na ALT kidogo. Unapokimbia mteremko, msuli wa mbele wa paja hukaza huku uzito wa mwili ukiurefusha. Mkazo wa namna hiyo huchana nyuzi ndogo za ndani na kutoboa utando kuliko kupanda mlima kunavyofanya. Njia ya Moshi hupanda kuelekea Mweka kisha hushuka. Mapaja yako yaliingia kwenye mteremko yakiwa tayari yamechoka. CK inayovuja ni molekuli kubwa, hupitia kwanza kwenye limfu, mirija inayokusanya maji ya tishu, kabla ya kufika kwenye damu, ndiyo maana hupanda polepole na kufika kileleni kati ya saa 24 na 72, na baada ya mteremko mkali hata siku ya nne. Kwa hiyo 2,860 yako ya Jumatatu huenda haikuwa kilele.

Aliyesoma AST 118 na ALT 61 aliona uwiano unaokaribia mbili kwa moja, na huo ni uwiano ambao madaktari hufundishwa kuuhusisha na pombe. Ndiyo maana aliogopa, na hakukosea kuuliza. Kinachomaliza mjadala kwenye karatasi yako ni GGT 28. Kimeng'enya hicho kiko kwenye ini na njia za nyongo, kwenye msuli hakipo kwa kiasi cha maana. Ini lililoumizwa na pombe kwa kawaida hukipandisha. GGT kawaida, bilirubini kawaida, CK imepanda mara kumi na zaidi: chanzo ni msuli. Hata wanaume wenye afya waliowahi kunyanyua vyuma kwa saa moja tu bila mazoea walibaki na AST, ALT na CK zilizopanda kwa siku saba na zaidi, huku GGT na bilirubini zikiwa hazijatikisika.

Kuna mtego mmoja hapa unaowanasa wengi. Nusu ya AST huondoka kwenye damu kwa saa 17 hivi, ilhali nusu ya ALT huchukua karibu saa 47. Ukirudi kupima siku ya tano, AST itakuwa imeshuka sana na ALT bado iko juu kidogo. Picha hiyo, ALT kuizidi AST, inafanana na ini la mafuta au homa ya ini, na mtu anaanzishiwa safari nyingine ya vipimo bila sababu. Kama CK haikuombwa pamoja na vimeng'enya vya ini, hakuna atakayejua.

Kuhusu kikomo cha CK chenyewe: karatasi yako pengine imeandika kawaida ni hadi 190 au 200. Kikomo hicho hutoka kwa watengenezaji wa vitendanishi, na hakitufai sana. Utafiti uliofanyika Amsterdam kwa wakazi wa asili mbalimbali ulikuta kwamba kwa wanaume weusi wenye afya, asilimia 97.5 wako chini ya takriban 800, na kwa wanawake weusi chini ya 414. Kwa wanariadha wa kiume waliofanyiwa utafiti Ulaya, kikomo cha juu kilifika karibu 1,083. Mwafrika anayefanya mazoezi mara nne kwa wiki akiwa na CK ya 450 hana ugonjwa. Wapo wanaoambiwa vinginevyo kila siku, na inasikitisha.

Jambo jingine la kwetu: kama hujawahi kupima selimundu, pima mara moja katika maisha. Mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu huishi vizuri na wengi hawajui wanayo. Kati ya wanajeshi weusi karibu 48,000 wa Marekani, wenye jeni hiyo hawakufa zaidi ya wenzao, lakini hatari ya misuli kusambaratika kwa kazi nzito ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 54. Ukijua unayo, utazingatia zaidi maji, joto na kuongeza kasi taratibu.

Sasa kile kikokotoo. Kikokotoo cha bure mtandaoni kinachoomba namba za kawaida za damu mara nyingi ni kile kiitwacho PhenoAge, kilichochapishwa mwaka 2018. Kinachukua umri wako na vipimo tisa: albumini, kreatinini, glukosi, CRP, asilimia ya limfosaiti, ukubwa wa chembe nyekundu, utofauti wa ukubwa wake, ALP (kimeng'enya cha ini na mifupa) na idadi ya chembechembe nyeupe. Kilitengenezwa kutokana na takwimu za afya za wananchi wa Marekani waliofuatiliwa kuona nani anakufa mapema. Kwa makundi makubwa ya watu waliopumzika kinafanya kazi nzuri. Tatizo ni kwamba angalau vipimo vinne kati ya tisa vinavurugwa na marathoni.

Nimekokotoa kwa namba zako. CRP kutoka 1 hadi 22 inaongeza takriban miaka 3.3. Chembechembe nyeupe kutoka 5.4 hadi 9.8 zinaongeza 2.7. Kreatinini kutoka 95 hadi 121 inaongeza 2.7 nyingine. Jumla ni karibu miaka 9, kabla hatujagusa limfosaiti, aina moja ya chembechembe nyeupe, ambazo asilimia yake hushuka wakati neutrofili, aina nyingine, zinapojaa kwenye damu baada ya mbio. Ina maana kwamba bila marathoni kikokotoo hichohicho kingekupa miaka 52 hivi. Hukuzeeka miaka 7 kwa saa 4. Ulipiga hesabu kwa damu ya siku mbaya. Kagua pia kipimio cha CRP: maabara zetu huandika miligramu kwa lita, baadhi ya vikokotoo hutaka miligramu kwa desilita. Ukikosea hapo, ambapo tofauti ni mara kumi, unajiongezea miaka 2.4 bila kosa lolote la mwili.

CRP na chembechembe nyeupe za baada ya mbio hazina maana ileile ya zile za uzee. Kwa mzee, CRP ya 4 au 6 inayokaa miezi na miezi ni ishara ya uvimbe wa ndani usiozimika, unaotokana na mafuta ya tumboni, fizi zilizooza, au seli zilizochoka zisizogawanyika wala kufa. Kwa mkimbiaji, CRP hufika kileleni karibu siku ya kwanza kisha hushuka ndani ya siku chache. Interlukini-6 nayo, kemikali ya mawasiliano ya kinga, ambayo kwa mzee hupanda kidogo na kubaki hapo, baada ya marathoni inaweza kupanda hadi mara mia kisha ikashuka kwa saa chache. Watafiti wa Copenhagen chini ya Bente Klarlund Pedersen ndio walioonyesha kwamba msuli unaofanya kazi huitoa wenyewe, na ikitoka huko huchochea kemikali za kutuliza uvimbe. Kwa hiyo ukisoma namba moja iliyo juu, swali la kwanza liwe: imekaa juu kwa muda gani?

Kama utashawishika kulipia kipimo cha DNA cha umri, fikiri kwanza. Saa ya Steve Horvath ya mwaka 2013 husoma alama za methili, vibandiko vidogo vya kikemikali, kwenye sehemu 353 za DNA, na ni kazi kubwa ya kisayansi iliyojengwa kwa aina 51 za tishu na seli. Lakini sampuli moja ikipimwa mara mbili kwa saa za namna hii, majibu yamewahi kutofautiana hadi miaka 9. Kwa utafiti wa maelfu ya watu hilo linavumilika, kwa uamuzi wa mtu mmoja halifai. Telomea, vile vifuniko vya ncha za kromosomu vilivyowapa Blackburn, Greider na Szostak Tuzo ya Nobel mwaka 2009, hutofautiana mno kati ya watu wa umri mmoja kiasi kwamba kipimo kimoja hakikuambii kitu cha kufanya.

Himoglobini kushuka kutoka 14.8 hadi 13.9 usiite upungufu wa damu bado. Baada ya juhudi ndefu mwili huongeza maji ya damu, chembe nyekundu zikaonekana chache kwa lita ingawa hazijapotea. Feritini 240 nayo usiifurahie: hupanda na uvimbe kama CRP, hivyo inaweza kuficha akiba ndogo ya chuma. Vyote viwili visubiri. Troponini ya moyo hukuipima, na ni afadhali, kwa maana kwa wakimbiaji wengi hupanda saa chache baada ya mbio na kushuka ndani ya siku moja hadi tatu. Ila mwenye maumivu ya kifua, kuzimia au kushindwa kupumua anapimwa bila kusubiri siku yoyote.

Damu pia haisemi habari za tishu zote. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima kaboni-14, iliyojaa hewani baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ndani ya kano ya kisigino. Walikuta kiini cha kano hiyo hujengwa hadi karibu miaka 17, kisha hakifanywi upya kwa kiasi cha maana. Kano unayokimbilia leo ni ya ujana wako, na hakuna kipimo cha damu kitakachokuonya kuhusu uchakavu wake. Utaujua kwa ugumu wa kisigino asubuhi. Msuli nao, ukichukuliwa kipande kwa sindano kutoka pajani, huonyesha uzee kwa kupungua na kusinyaa kwa nyuzi za kasi, wakati nyuzi za mbio ndefu hubaki vizuri zaidi. Mbio peke yake hazizilindi nyuzi za kasi, vyuma ndivyo vinavyozilinda. Mara mbili kwa wiki, uzito unaokuchosha kati ya marudio 6 na 12.

Ukitaka kujua umri wa msuli wako bila sindano, tumia vigezo vya kundi la wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia kupungua kwa misuli uzeeni. Kaa kwenye kiti imara kisicho cha kuzunguka, kunja mikono kifuani, simama na kukaa mara tano haraka uwezavyo. Zaidi ya sekunde 15 ni dalili mbaya. Nguvu ya kushika kwa kipima mkono chini ya kilo 27 kwa mwanaume, au 16 kwa mwanamke, ni udhaifu. Mwendo wa kawaida wa mita 4 usichukue sekunde 5 au zaidi. Mtu wa miaka 54 aliyekimbia kilomita 42 anapaswa kuvipita kwa mbali. Andika namba zako, uzirudie kila mwaka.

Rudia vipimo vya damu baada ya siku 10 kamili bila mbio, bila vyuma, na bila kulima shamba. Usichomwe sindano ya tako au ya bega katika siku hizo, kwani nayo huumiza msuli na kupandisha CK. Kama una mafua au homa, ahirisha. Nenda asubuhi, ukiwa hujala kwa saa 10 lakini umekunywa maji, na usiku uliotangulia usile nyama nyingi. Kaa kitini dakika 10 kabla ya kuchomwa, kwa sababu mtu aliyetoka kutembea au kusimama damu yake huwa nzito kidogo. Mpira wa kufunga mkono usizidi dakika moja, na usikunje na kufungua ngumi mara kwa mara. Potasiamu hupanda bure. Serumu ikionekana nyekundu, chembe zimepasuka kwenye chupa, na AST na potasiamu zitakuwa za uongo. Waombe watoe upya. Tumia maabara ileile ya mwanzo. Omba CK, AST, ALT, GGT, kreatinini, sistatini C (kipimo kingine cha figo) kama wanayo, CRP, picha kamili ya damu, feritini, sukari ya miezi mitatu, na mkojo kwa ajili ya albumini. Kwenye fomu waandike: "marathoni, siku 10 zilizopita".

Kreatinini ikirudi kati ya 90 na 100 na mkojo hauna albumini, suala la figo limeisha. Ikibaki juu ya 110, sistatini C ndiyo itakayoamua, kwa kuwa haitegemei sana wingi wa msuli. ALT ikibaki juu wakati CK imeshuka, hapo ini linastahili kuchunguzwa kweli: homa ya ini B na C kwanza, kisha kipimo cha mawimbi ya sauti (ultrasound) kuangalia mafuta. CK ikiganda juu ya 800 baada ya siku 10 za kupumzika, pima tezi ya shingo kwa TSH na umweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa za kupunguza kolesteroli. Yote yakitulia, anza tena kwa kukimbia dakika 30 sehemu tambarare, na miteremko uirudishe polepole ndani ya wiki tatu. Msuli uliowahi kushuka mteremko mara moja huvuja CK pungufu kuliko mwanzo safari inayofuata.